Keria na masanduku ya pembeni ya pikipiki: namna ya kuyafunga ili mzigo ufike salama

Kutoka Mtae hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 60. Sehemu kubwa ni barabara ya udongo inayopita Sunga na Lukozi, kona baada ya kona, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde. Hii ndiyo njia ya viazi, karoti, kabichi, nyanya na peasi kwenda sokoni. Gari la mzigo halipatikani kila saa, na mashamba mengi yako mbali na barabara. Hapo ndipo pikipiki inapofanya kazi ya gari.

Tatizo ni kwamba pikipiki nyingi za huku, ziwe Boxer, TVS au nyingine za aina hiyo, zinapakiwa juu ya kiti na kufungwa kwa mipira. Mzigo unakaa juu, unaegemea nyuma, na kwenye kona unavuta upande wake. Keria imara na masanduku ya pembeni hupunguza hatari hiyo, lakini tu kama yamefungwa vizuri. Yakifungwa vibaya huongeza hatari.

Katika makala hii tunaeleza hatua kwa hatua. Ukisahau mengine yote, shika hili moja: mzigo haubebwi na keria peke yake. Unabebwa na bolti, na sehemu ya fremu ambako bolti hizo zimeingia.

Vitu viwili tofauti

Keria ni fremu ya chuma iliyo nyuma ya kiti. Masanduku ya pembeni hukaa kushoto na kulia kwa gurudumu la nyuma, yakishikwa na fremu zao ndogo. Mtu anaweza kuwa na keria bila masanduku, lakini masanduku hayawezi kukaa bila fremu ya kuyashika.

Jambo hili si geni. Pikipiki za Yamaha AG, ambazo maofisa ugani wengi wamezitumia vijijini, hutoka kiwandani zikiwa na keria ya mbele na ya nyuma, kwa sababu zilibuniwa kwa kazi za shambani. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipita Tanzania wakitoka Scotland kwenda Cape Town, na pikipiki zao za BMW zilikuwa na masanduku ya alumini pembeni. Pikipiki zao ni kubwa na ghali, ila kanuni ya kufunga ni ileile kwa Boxer ya Mtae.

Uzito ukae wapi

Uzito mzuri unakaa chini, unakaa karibu na dereva, na unalingana kushoto na kulia.

Fikiria ubao wa bembea ambao katikati yake ni ekseli ya gurudumu la nyuma. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, unalikandamiza gurudumu la nyuma na kulinyanyua la mbele. Chukua mfano wa kilo 30 zilizowekwa sentimita 30 nyuma ya ekseli, kwenye pikipiki ambayo magurudumu yake yameachana sentimita 125. Gurudumu la mbele linapoteza zaidi ya kilo 7. Hiyo ni kwenye tambarare. Ukianza kupanda mlima, usukani unakuwa mwepesi zaidi, na kona ya kupanda ndiyo inakuwa ya hatari.

Kwa hiyo sukuma masanduku mbele kadiri inavyowezekana, mradi yasiguse miguu. Mzigo mzito, kama viazi, uwe chini kwenye masanduku. Mzigo mwepesi ndio ukae juu kwenye keria.

Kisha piga hesabu ya uzito wote. Kitabu cha pikipiki husema inabeba kilo ngapi, na idadi hiyo inajumuisha dereva, abiria, keria na mzigo. Tuseme kitabu kinasema kilo 150. Dereva ana kilo 70, keria na masanduku matupu ni kilo 12. Zimebaki kilo 68. Kiroba cha kilo 50 kinaingia. Kiroba na abiria haviwezekani.

Keria ishikwe na nini

Kabla ya kwenda kwa fundi, ikague pikipiki yako. Tafuta sehemu ambazo kiwanda kiliweka bolti nzito kwenye fremu: bolti za mshikio wa abiria, bolti ya juu ya shokapu, na bolti za chuma kinachoshika vikanyagio vya abiria. Hizo ndizo sehemu za kutumia.

Kila upande uwe na angalau sehemu tatu za kushika, na zisiwe kwenye mstari mmoja. Pembetatu haipindi kirahisi, bali mstari mmoja hucheza. Halafu fremu ya kushoto iungwe na ya kulia kwa chuma kinachopita nyuma, chini ya taa. Bila chuma hicho, kila sanduku litatikisika peke yake mpaka bolti zikatike.

Usifunge kitu chochote kwenye ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Mkono huo hupanda na kushuka kila unapopita shimo, lakini fremu haisogei. Keria iliyofungwa kwenye vyote viwili itavunjika.

Usiifunge pia kwenye madigadi ya plastiki wala kwenye chuma cha taa.

Bomba au nondo?

Mafundi wengi hutumia nondo kwa sababu inapatikana kila mahali. Lakini tazama uzito wake. Mita moja ya nondo ya milimita 12 ina karibu kilo 0.9. Mita moja ya bomba la chuma la milimita 16, lenye unene wa milimita 1.5, ina kama kilo 0.5. Kazi ya mita 6 itakuwa zaidi ya kilo 5 kwa nondo, na kilo 3 na kidogo kwa bomba. Bomba hilo pia ni gumu zaidi kupinda kuliko nondo hiyo. Kwa hiyo bomba linakupa wepesi na uimara kwa pamoja, na kilo 2 ulizookoa ni kilo 2 za karoti.

Angalizo: bomba la maji lenye rangi ya fedha limepakwa zinki. Likichomelewa hutoa moshi unaoweza kumletea fundi homa. Zinki isuguliwe kwanza sehemu ya kuchomelea, na kazi ifanyike mahali penye hewa.

Kwa fundi wa kuchomelea

Kuna mambo manne ya kukubaliana naye kabla hajawasha mashine.

Kwanza, keria ichomelewe ikiwa nje ya pikipiki, kisha ifungwe kwa bolti. Fremu ya pikipiki yenyewe isichomelewe. Joto hubadilisha chuma kando ya kiungo, na mara nyingi ufa huanzia hapo.

Pili, ikibidi kushikiza vipande kidogo vikiwa juu ya pikipiki ili kupata kipimo, toa kwanza nyaya za betri, ukianza na hasi. Umeme wa mashine unaweza kuharibu vifaa vya pikipiki. Tangi la mafuta nalo litolewe na kuwekwa mbali. Cheche na mvuke wa petroli havikai pamoja.

Tatu, bolti. Chagua zilizoandikwa 8.8 kichwani, kwa sababu namba hiyo inaonyesha ugumu wa chuma. Ukiongeza kipande cha keria katikati, bolti ya zamani inakuwa fupi. Weka ndefu zaidi, ili iingie kwa kina kilekile ilichokuwa nacho mwanzo. Tumia nati zenye duara la plastiki ndani, maana hazilegei haraka kwa mtikisiko.

Nne, vipimo. Upana wa masanduku usizidi upana wa usukani. Ukipita mahali kwa usukani, na mzigo upite. Acha nafasi ya kiganja kizima kati ya sanduku na bomba la ekzosi, na hapo katikati weka kipande cha bati cha kuzuia joto. Upande wa ekzosi sanduku litakaa nje kidogo kuliko upande wa pili. Hilo ni la kawaida, ilimradi uzito ulingane.

Taa ya nyuma, taa za ishara na kibao cha namba visifunikwe. Hayo ni matakwa ya sheria za usalama barabarani. Kwenye ukungu wa Usambara asubuhi, taa hiyo ndiyo inayomwonyesha dereva wa lori kwamba upo mbele yake.

Sanduku, dumu, kreti au mfuko?

Sanduku la bati au alumini hulinda mzigo na hufungwa kwa kufuli. Linafaa kwa vifurushi, dawa na vifaa. Ubaya wake ni ugumu: ukianguka au ukiteleza kwenye tope na kuweka mguu chini, kona ya sanduku inaweza kukuumiza ndama wa mguu. Kona zote ziwe za duara.

Dumu la plastiki la lita 20, lililokatwa ubavuni na kutengenezewa mlango, ni rahisi na halipitishi maji. Linatosha kwa bodaboda wengi.

Kreti ya plastiki inafaa kwa nyanya na peasi kwa sababu ina hewa na haibanwi na kamba. Weka majani makavu au gunia chini, maana matunda huchubuka kwa kutikisika hata bila kudondoka.

Mfuko wa turubai ni mwepesi na hauumizi mguu, lakini huungua ukigusa ekzosi na kamba zake zikilegea zinaweza kuingia kwenye gurudumu au cheni. Usiache ncha ya kamba au mpira ikining'inia.

Chochote utakachochagua, toboa tundu dogo chini ili maji ya mvua yatoke. Kwa dawa na karatasi, funga ndani ya nailoni.

Jaribu kwa maji kabla ya mazao

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni mzani tosha. Weka dumu la lita 10 lililojaa kila upande, kisha waombe watu wawili wakae kwenye pikipiki na kuikandamiza. Chungulia: je, sanduku au fremu yake inagusa tairi, cheni au shokapu? Ikigusa ikiwa imesimama, njiani itakata tairi.

Halafu endesha taratibu kwenye njia mbaya karibu na nyumbani, urudi, ukaze kila nati. Baada ya safari ya kwanza ya Lushoto kaza tena. Rangi ya kucha ikipakwa kwa mstari kwenye nati na bolti itakusaidia: mstari ukiachana, nati imelegea.

Pikipiki nayo iandaliwe

Shokapu nyingi zina vidato chini ya springi. Pandisha kidato unapobeba mzigo, pande zote mbili sawa. Ongeza upepo wa tairi la nyuma kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu au kwenye kibandiko karibu na cheni. Pima ulegevu wa cheni mzigo ukiwa juu, kwa sababu shokapu ikishuka cheni hubadilika. Taa ya mbele ishushwe kidogo, maana nyuma ikizama, mwanga unapanda na kuwapofusha wanaokuja.

Breki ndilo suala kubwa. Mzigo huongeza umbali wa kusimama, na breki ikishikwa muda mrefu kwenye mteremko hupata joto na kupungua nguvu. Teremka ukiwa kwenye gia ndogo. Wapo wanaozima injini au kuachia nyutro ili kuokoa mafuta. Ukiwa na mzigo, mafuta hayo utakayookoa hayalingani na kona moja ya Magamba.

Ukaguzi wa dakika mbili kabla ya kuondoka

Shika kila sanduku kwa mikono miwili ulitikise. Pikipiki yote itikisike nalo. Sanduku likicheza peke yake, kuna nati imelegea.

Pima uzito wa kila upande kwa mzani wa mkono. Kama huna, simamisha pikipiki wima uone inaangukia wapi, kisha hamisha mzigo.

Angalia viungo vilivyochomelewa. Mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi mara nyingi ni ufa unaoanza. Usipake rangi juu yake. Rudi kwa fundi.

Washa taa, kanyaga breki, tazama kama taa ya nyuma inaonekana mtu akisimama hatua kumi nyuma yako.

Ukishauza mzigo na masanduku yako matupu, pikipiki itakuwa nyepesi na itaruka zaidi kwenye mashimo. Rudisha kidato cha shokapu na upunguze upepo wa tairi kabla ya kuanza kupanda kurudi Mtae.