Mashine Zilizozoea Kutii Kila Amri

Baada ya miaka ya kupeleka taarifa za mashine kwenye seva za mbali, viwanda vingi sasa vinafunga kompyuta kando ya mtambo wenyewe ili uamuzi utolewe papo hapo. Wauzaji huongeza kwamba mpango huu ni salama zaidi, kwa kuwa siri za kiwanda hazivuki ukuta. Historia haiwaungi mkono moja kwa moja. Kompyuta ilianza kukaa kando ya mashine miaka mingi iliyopita, kwa kidhibiti cha Modicon 084 kilichotokana na wazo la mhandisi Mmarekani Dick Morley la mwaka 1968. Kabla yake viwanda vya magari vilitegemea makabati yaliyojaa relei, na kila toleo jipya la gari liliwalazimu mafundi kufumua nyaya na kuziunga upya. Kidhibiti kiliwaondolea adha hiyo: programu ikibadilishwa, mashine inabadili kazi.

Kilichosahaulika ni kuuliza nani anaruhusiwa kuamuru. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ilitoa Modbus, utaratibu wa vifaa kuwasiliana. Ujumbe wake hubeba namba ya kifaa, namba ya kazi, data, na tarakimu za kuhakiki kuwa haukuharibika njiani. Hauna nafasi ya nywila wala ya kumthibitisha mtumaji. Wakati ule halikuwa kosa, maana waya wote ulikuwa ndani ya kiwanda. Hatari ilikuja mwaka 1999, utaratibu huohuo ulipopitishwa kwenye mitandao ya aina ya intaneti ukiendelea kumwamini kila mtumaji.

Wapo wanaosema dawa ni kukitenga kiwanda na intaneti. Kutenga kunasaidia, ila hakutoshi. Vidhibiti vya kituo cha kurutubisha urani cha Natanz nchini Iran vilikuwa vimetengwa, na bado Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010 na chenye uwezo wa kusambaa kwa flashi, kilivifikia. Kiliamuru mashine za kituo hicho ziende kwa hezi 1,410 badala ya 1,064, huku waendeshaji wakionyeshwa vipimo vya kawaida vilivyorekodiwa awali.

Wengine watauliza: kama ni hivyo, kompyuta ya kando si mlango mwingine wa mwizi? Ni kweli, ikiwa nayo itatii kila anayeisemesha. Lakini ikipewa kazi ya kumthibitisha mtumaji na kukataa amri inayovuka mipaka ya mtambo, inaziba pengo lililoachwa tangu 1979. Tena inaweza kuendeleza uzalishaji mawasiliano yakikatika. Hata hivyo kompyuta yoyote inaweza kuzimwa. Machi 2019 wadukuzi walipozifunga kompyuta za Norsk Hydro ya Norwei, kampuni ilikataa kulipa ili zifunguliwe na ikaendesha baadhi ya viwanda kwa mkono, kwa maagizo ya karatasi. Kwa hiyo mnunuzi asiridhike kuambiwa kompyuta itakaa wapi. Aulize itamkataa nani, na kiwanda kitaendeshwaje siku itakapozimwa.