Wakili na Mtu Aliyepunguzwa Kazi

Mwaka juzi alikuja kwangu mtoto wa marehemu kaka yangu, bahasha mkononi. Alikuwa amefanya kazi miaka minane katika kampuni moja ya usafirishaji. Ijumaa jioni yeye na wenzake waliitwa ofisini, wakaambiwa kuwa biashara imekuwa mbaya, kisha kila mmoja akakabidhiwa barua. Aliniuliza jambo moja tu: "Baba mdogo, nitafute wakili au niache?"

Sikumjibu siku ile. Swali hilo niliwahi kuulizwa na baba yake, nami nikamjibu vibaya. Ili msomaji aelewe kwa nini nilikosea, yafaa turudi nyuma kidogo.

Sisi tulioanza kazi miaka ya 1970 tulikuta sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira. Sheria hiyo ilileta Kamati za Wafanyakazi mahali pa kazi na Mabaraza ya Usuluhishi. Mfanyakazi aliyefukuzwa kwa kosa alipeleka shauri lake barazani, na asiyeridhika alikwenda kwa Waziri, ambaye neno lake lilikuwa la mwisho. Mahakama za kawaida hazikuruhusiwa kulisikiliza shauri hilo. Kwa mnyonge lilikuwa jambo la heri, maana hakuhitaji fedha ili asikilizwe. Lakini kazi kubwa ya wakili iko mahakamani, na mlango huo ulikuwa umefungwa.

Mwaka huohuo wa 1964 iliundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, kilichoshikamana na TANU. Baadaye ikaja JUWATA chini ya CCM, na mwaka 1991 OTTU. Basi tukazoea kwamba matatizo ya kazi hupelekwa kwenye tawi. Wakili tulimwona kuwa mtu wa kesi za mashamba na za mauaji.

Miaka ya 1990 ikatukuta na mazoea hayo. Mashirika ya umma yakaanza kurekebishwa na kuuzwa, na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Hawa hawakuwa na kosa lolote, wala hawakujua pa kushika. Kaka yangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo. Mwaka 1994 aliniletea hati ya kurasa mbili, yote kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuisoma. Mimi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na meza yangu ilijaa karatasi za mitihani. Nilitazama tarakimu ya ukurasa wa kwanza nikamwambia, "Saini, kaka. Hawawezi kukudhulumu. Wakili atakula hata hicho kidogo." Akasaini.

Baada ya miezi kadhaa nilipata nafasi ya kuisoma nakala yake kwa utulivu. Ukurasa wa pili ulisema kwamba amepokea stahili zake zote na hatadai tena chochote. Miaka yake sita ya mwanzo haikuhesabiwa. Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza habari za watoto. Hakunilaumu hata mara moja mpaka alipofariki mwaka 2009, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Leo mambo yamebadilika. Mwaka 2004 ilitungwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ikaanza kazi mwaka 2007. Mwajiri anayetaka kupunguza watu hana budi kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana nao juu ya njia ya kuepusha upunguzaji na namna ya kuchagua watakaoondoka. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake kwenye Tume. Kufungua mgogoro hakuna ada. Aweza kujitetea mwenyewe, au kusimamiwa na chama chake, au na wakili.

Nilipomwita kijana wetu tena, siku 11 zilikuwa zimekwisha. Tulikaa na kalamu. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, isizidi miaka kumi. Yeye siku moja ilikuwa shilingi 15,000. Kwa hiyo siku saba ni 105,000, na kwa miaka minane ni 840,000. Wakili aliyemuuliza mjini alitaka 1,000,000 ili aendeshe shauri zima. Pamoja na malipo ya notisi na likizo, sehemu kubwa ingekwenda kwa wakili.

Nikamshauri asimwajiri wakili kwa shauri zima, ila amlipe kwa kikao kimoja amsomee barua. Akafanya hivyo. Wakili alimwonyesha jambo ambalo sote wawili hatukuliona: barua ilitaja mashauriano ambayo hayakufanyika. Alimwambia pia kwamba shauri likifika Mahakama Kuu, hapo ndipo arudi. Kijana alijaza fomu mwenyewe na kuipeleka kwenye Tume siku ya 19.

Hawakufika kwenye uamuzi. Walipatana mbele ya msuluhishi, akaongezewa mishahara ya miezi minne. Hakupata yote aliyoyataka. Lakini kabla ya kusaini aliomba muda, akaniletea hati ya mapatano. Nilivaa miwani nikaisoma mara mbili, ukurasa wa mbele na wa nyuma, kila neno, naye amekaa kwenye kiti alichopenda kukalia baba yake. Ndipo nikamwambia, "Saini, mwanangu."