Miwa ya Mabondeni Taita

Ukiteremka kutoka Mbale kuelekea vijito vya chini, utakuta vipande vya miwa visivyozidi upana wa ua. Nimelelewa kando ya kimoja. Kilikuwa cha babu, na kabla yake cha baba yake, na maji yake yaliletwa na mfereji ambao koo za jirani zilipokezana kwa zamu.

Miwa ile haikupandwa kwa ajili ya kiwanda. Ilimenywa, ikatwangwa kinuni, ikakamuliwa kwa mikono miwili hadi maji ya mwisho. Maji yalimiminwa mtungini pamoja na tunda kavu la mwegea, linalochachusha, kisha mtungi ukawekwa karibu na meko. Joto lilifanya kazi iliyobaki, na maji yakawa pombe.

Pombe hiyo ilikuwa na kazi nzito kuliko ulevi. Mzee aliyekuwa na kinyongo na ndugu yake alifanya kutasa: alichukua funda, akalipuliza nje kama manyunyu, huku akitamka maneno ya kuondoa hasira na kuomba heri. Mwanaanthropolojia Grace Harris alilieleza vizuri jambo hili katika kitabu chake cha 1978.

Wamishonari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, na Wakristo wengi waliacha mtungi. Siwalaumu. Lakini kutasa ilikuwa njia ya kupatana, na kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa.

Wewe uliye na nyanya au babu Wundanyi, Mbale au Sagalla, muulize sasa, uandike.