Mgonjwa wa mapafu huachishwaje mashine ya kupumulia?

Katika mtaa wa Bwiza, kama kwingineko mjini Bujumbura, nyumba nyingi hupikia mkaa. Moshi wa jikoni, pamoja na sigara, ni miongoni mwa visababishi vikuu vya ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa. Ugonjwa ukizidi ghafla, huenda mgonjwa akaingizwa mrija kooni ili mashine impumulie.

Kumwachisha mashine hiyo mara nyingi huwa kugumu kuliko kumwunganisha nayo. Kadiri siku zinavyopita, kiwambo, yaani msuli mkuu wa kupumua ulio chini ya mapafu, hudhoofika, na hatari ya nimonia huongezeka. Hewa nayo hunasa ndani ya mapafu yaliyoharibika, hivyo kila pumzi humchosha. Maradhi yaliyomleta yakishatulia, madaktari humjaribu: msaada wa mashine hupunguzwa, naye huachwa apumue mwenyewe kwa dakika 30 hadi 120.

Akishindwa, je? Utafiti wa madaktari wa Italia uliochapishwa mwaka 1998, kwa wagonjwa 50, ulionyesha kwamba mrija waweza kuondolewa hata hivyo, mashine ikaendelea kumsaidia kwa barakoa inayobana usoni. Baada ya siku 60, asilimia 92 ya waliovishwa barakoa walikuwa hai. Kwa waliobaki na mrija, asilimia 72. Ndugu wanaoona mrija umetolewa huweza kudhani tiba imesitishwa, sivyo. Lakini barakoa humfaa tu mwenye fahamu, awezaye kukohoa na kutoa makohozi.