Bunduki Yenye Kukunjika na Ganda Lenye Kugoma

Habari za bunduki katika nchi ya Wanyaturu ni za zamani. Mwezi wa Januari 1875 msafara wa Henry M. Stanley ulipigana na wenyeji huko Vinyata. Baadhi ya watu wake walichukua bunduki za Snider, zitiwazo risasi kwa nyuma. Wenyeji walishika mikuki na pinde. Lakini silaha iliyoenea katika misafara ya siku zile ilikuwa gobori: baruti humiminwa mdomoni, kisha hushindiliwa kwa mdeki. Gobori huchelewa, ila halina ganda la kukwama.

Shida hiyo ilikuja na bunduki ya marisau yenye kukunjika katikati, iliyobuniwa na fundi Lefaucheux wa Paris katika miaka ya 1830. Baruti ilipukapo, ganda hutanuka likabana kasiba, ili moto usimrudie mpigaji usoni. Kisha hunywea kidogo, likatoka. Basi kule kutanuka kunakomlinda mtu ndiko kunakoweza kumkwamisha.

Kisha palikuwa na taabu ya pini. Katika bunduki za kwanza za nyundo, baada ya kupiga, nyundo iliikandamiza pini ikazama katika fataki. Mtu asipoivuta nyundo nusu, bunduki haikufunguka. Mwaka 1867 John Stanton wa Wolverhampton, Uingereza, aliandikisha mtambo ambao nyundo yake hurudi yenyewe. Hata hivyo, pini yenye kutu au springi dhaifu huirudisha taabu ile ya kale.

Kwa hiyo chanzo hutafutwa kwa utaratibu. Bunduki ikiwa ngumu hata ikiwa tupu, tazama bawaba na kufuli: huenda zina uchafu au mafuta yaliyoganda. Ikiwa ngumu baada ya kupiga tu, lichunguze ganda. Fataki iliyokwaruzwa yaonyesha pini isiyorudi. Ganda lenye michubuko laonyesha kutu ndani ya kasiba, au baruti iliyozidi nguvu.

Zaidi ya yote, asiwepo mtu wa kuipiga bunduki iliyogoma gotini au mtini. Kasiba moja imelia. Ya pili yaweza kuwa ingali na risasi. Elekeza midomo mahali pasipo mtu, toa kidole, funga usalama kama upo, kisha umwite fundi wa bunduki.