Fanya Juu Ilikuwapo Kabla ya Shahada

Mwaka jana shule moja hapa Kathiani, Machakos, ilinialika nizungumze na wanafunzi wa kidato cha nne kuhusu kozi za chuo kikuu. Mezani palikuwa na kijitabu cha kuwaelekeza wanaotaka kusomea uhandisi wa kilimo. Ukurasa wa historia ulikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema taaluma hii ilianza nchini mwaka 1939, Njoro, ilipofunguliwa shule ya kilimo ya Egerton. Ya pili ilisema mtaro wa fanya juu, ambao kila mtoto aliyeketi mbele yangu ameuruka akienda kuchota maji, uliletwa na wafadhili kutoka Uswidi mwaka 1974.

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, kama ni wa Waswidi, mbona jina lake ni la Kiswahili?"

Sikuwa na jibu fupi siku ile. Makala haya ndiyo jibu refu.

Habari za vyuo zinajulikana, nitazipitia mbio. Egerton iliasisiwa na Lord Maurice Egerton ili kuwafunza vijana wa walowezi wa Kizungu, na Mwafrika hakupata nafasi pale hadi ukoloni ulipokaribia kukunja jamvi. Waafrika walifunzwa kwingine, kama Bukura na Maabara ya Scott kule Kabete, wakaandaliwa kuwa wakufunzi na wasaidizi wa maofisa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na idara ya uhandisi wa kilimo katika miaka ya 1970. Juja, kwa msaada wa Japani, chuo cha Jomo Kenyatta kilianza kufundisha mwaka 1981, uhandisi wa kilimo na kilimo cha bustani vikiwa miongoni mwa kozi zake za mwanzo. Mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili. Egerton ilikuwa imeshapata hadhi hiyo mwaka 1987. Machakos ilipata chuo kikuu chake mwaka 2016. Hayo ni ya majengo na vyeti, na kijitabu kile kimeishia hapo.

Mimi naanzia kwenye picha. Mwaka 1937 R. O. Barnes, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia mmomonyoko, alizunguka Machakos akipiga picha za ardhi iliyoharibika. Zaidi ya miaka 50 baadaye, watafiti walizitafuta sehemu zile zile, wakasimama alipokuwa amesimama, wakapiga tena. Picha hizo, ya zamani na ya sasa, zimo katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, More People, Less Erosion, kilichotoka mwaka 1994. Jina la kitabu hicho linatajwa sana katika mijadala ya idadi ya watu duniani. Wanaofungua kurasa za picha na kuzikodolea macho ni wachache, na ndizo ninazowasihi wasomaji wa jarida hili wazitazame kwanza.

Katika picha za 1937 milima imekaa wazi kama kichwa kilichonyolewa. Makorongo yanashuka mteremkoni, miti ni ya kuhesabu. Katika picha za baadaye mteremko ule ule umekatwa ngazi kwa ngazi, mashamba yamejaa, na miti imesimama mipakani na kuzunguka nyumba. Mmoja wa waandishi wale watatu, Gichuki, alikuwa mhandisi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Jicho lake linaonekana: kitabu kinataka kujua mtaro ulichimbwaje, na kwa nini wa aina hii ukadumu na wa aina ile ukabomoka.

Colin Maher, aliyesimamia kazi ya kuhifadhi udongo wakati ule, aliitazama ardhi hiyo hiyo akaandika kama mtu anayeandika tanzia. Kwake watu walikuwa wengi mno, ng'ombe wengi mno, na mkulima mzembe. Siwezi kumvumilia Maher, na sababu yangu haihusu lugha yake kali. Aliona udongo unashuka na hakutaka kuona uzio. Milima ya Mua, inayopakana na milima yetu ya Iveti, ilikuwa imegawiwa walowezi. Uwanda wa Yatta, ambako mifugo ilikuwa ikienda kulisha, ulitangazwa kuwa mali ya serikali. Watu waliosongwa kutoka pande mbili, kisha wakapigwa na ukame wa miaka ya 1930, walipigwa picha na kuitwa waharibifu.

Dawa ya serikali ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 mifugo ilikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, mnunuzi mkubwa akiwa kiwanda cha nyama cha Liebig kilichokuwa kimefunguliwa Athi River. Mwezi wa Julai Wakamba kwa maelfu, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakidai kumwona Gavana Brooke-Popham. Kiongozi wao alikuwa Samuel Muindi Mbingu wa Chama cha Ukamba. Gavana alilazimika kuja Machakos mwenyewe, na ukamataji wa mifugo ukasitishwa. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu. Leo barabara katikati ya Nairobi ina jina lake, na wengi wanaoikanyaga hawajui kwamba mtu huyu alikamatwa kwa ajili ya ng'ombe.

Ninalikaza tukio hili kwa sababu wanaoandika historia ya uhandisi wa kilimo hulipita, wakidhani ni habari za siasa. Baada ya 1938 hakuna ofisa aliyeweza tena kutibu udongo wa Machakos kwa kuwaondolea watu mifugo. Ilibaki njia moja, kuushika mteremko wenyewe, na hiyo ni kazi ya mhandisi.

Kwanza ilifanywa vibaya. Mawazo mengi ya maofisa yalitoka Marekani, ambako dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 zilikuwa zimewatia hofu watawala wa makoloni yote. Waliamuru matuta membamba yanayofuata kontua, yaani mistari ya kimo kimoja, yachimbwe kwa kazi ya lazima. Tuta hilo hutengenezwa kwa kuchimba mfereji na kutupa udongo upande wa chini. Kwenye mteremko mpole linaweza kufaa. Kwenye mwinamo kama wa Iveti, mvua moja kubwa hulivunja, maji yakapenya mahali pamoja na kuchimba korongo jipya. Kila msimu lazima lirekebishwe, nalo halimwongezei mkulima hata debe moja la mahindi. Tukumbuke pia kwamba huku mvua ya kutegemewa ni ya vuli, nayo hufika ardhi ikiwa imekauka na haina majani. Dhoruba za kwanza ndizo zinazobeba udongo.

Watu walilichimba tuta hilo kwa lazima na wakaliacha lilipokosa msimamizi. Maofisa waliita hilo ukaidi. Mimi naliita tathmini ya kitaalamu iliyofanywa na watu wasioulizwa maoni yao.

Katika miaka ya 1950 wakulima wa Machakos walichagua mtaro mwingine. Huu huchimbwa kwa kufuata kontua vilevile, kwa kawaida sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, ila udongo hutupwa upande wa juu. Ndiyo maana ya fanya juu. Ule wa udongo kwenda chini unaitwa fanya chini. Udongo uliotupwa juu hufanya ukingo, ukingo hupandwa majani ya mifugo, na kila mvua inayoshuka huacha tope nyuma yake. Baada ya miaka kadhaa shamba lililokuwa limeinama linalala lenyewe kama benchi. Maji yanakaa, mbolea inakaa, ng'ombe anakula majani ya ukingoni. Mkulima analipwa mavuno kwa jasho lake, na jambo hilo tuta jembamba halikulifanya kamwe.

Hesabu yake si ya mchezo. Kanuni iliyotumika Kenya kupanga nafasi kati ya mtaro na mtaro husema: chukua asilimia ya mwinamo, gawanya kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3, unapata tofauti ya kimo kwa mita. Mteremko wa asilimia 20 unatoa mita 2.1, maana yake mtaro mmoja kila mita kumi na nusu hivi. Katika hekta moja ya mraba hiyo ni mitaro tisa ya mita mia. Kila mita moja ya mtaro hutoa udongo wa mita za ujazo 0.36. Jumla ni mita za ujazo 324, yaani zaidi ya tani 400 za udongo, zilizopandishwa mlimani kwa jembe na sepeto. Mpimaji alikuwa na kamba, miti miwili na pimamaji.

Nani aliyeupandisha? Zaidi ya yote ni wanawake. Wanaume wengi wa Ukambani walikuwa kwenye reli, jeshini, au kazini Nairobi. Mwethya, ule ushirika wa majirani kusaidiana kazi leo kwangu kesho kwako, ndio uliogeuzwa kuwa kikosi cha kuchimba mitaro, na ulifanya kazi pale tu watu walipojichagulia viongozi wao. Msukumo mwingine ulikuwa fedha. Wakulima wa Machakos waliporuhusiwa kupanda kahawa katika miaka hiyo ya 1950, ilikuwa sharti kwanza shamba liwe na benchi. Mboga na matunda ya kuuza Nairobi yalifanya vivyo hivyo. Yeyote anayesomea leo uhandisi wa mazao ya bustani ajue kwamba hapa bustani na mtaro vililelewa pamoja.

Miaka ya 1960 naiacha. Uhuru ulikuja, mitaro mingi ikaachwa kwa chuki ya kazi ya lazima, kisha ikachimbwa tena.

Sasa tumfikie Mswidi. Ni kweli kwamba kuanzia 1974 shirika la maendeleo la Uswidi liligharimia mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo, na mshauri wake Carl-Gustaf Wenner alifanya kazi ya kusifika. Alikuta mbinu iliyokuwa tayari miteremkoni, akaiandikia miongozo, maofisa wa wilaya nyingi wakafunzwa kuipima. Heshima hiyo ni yake. Aliyetembeza mbegu nchi nzima anastahili shukrani, lakini hakuwa yeye aliyeichagua mbegu. Idara ya uhandisi wa kilimo ya Nairobi nayo ilifika Machakos kupima. Donald Thomas na wenzake walifuatilia maji na udongo katika bonde dogo la Iiuni, na mwaka 1981 wakatoa matokeo. Wanafunzi walijifunza kwenye mashamba ambayo wakulima walikuwa wameshayachonga.

Wako wanauchumi wanaoitumia Machakos kuthibitisha kwamba watu wakiongezeka tu, ardhi hujiponya. Watu wa wilaya waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1932 na 1990, na mmomonyoko ukapungua, basi wanaona kesi imekwisha. Tani 400 kwa hekta hazikupandishwa na takwimu za sensa, na sitapoteza wino zaidi kwa hoja hiyo.

Wakosoaji wengine nawasikiliza kwa makini. John Murton, aliyechunguza Mbooni na kuchapisha mwaka 1999, alionyesha kwamba mshahara wa Nairobi ndio uliogharimia sehemu kubwa ya mabadiliko, na kwamba nyumba isiyokuwa na mtu wa mshahara mjini iliachwa nyuma. Dianne Rocheleau na wenzake, mwaka 1995, walikumbusha kwamba wengi walisukumwa kwenda kwenye ardhi kavu zaidi, na kwamba mzigo wa wanawake haukupunguzwa na mafanikio yanayosifiwa. Nimekulia Iveti na naona ni kweli. Katika kijiji kimoja utakuta benchi zilizonyooka za aliyekuwa karani wa reli, na chini yake kishamba cha mjane kinachopokea maji yote yaliyomwagika juu.

Mwanafunzi wa leo anasoma umwagiliaji wa matone, vivungulio, na vyumba baridi vya kuhifadhia maparachichi. Vizuri sana, na vinahitajika hapa. Lakini maji ya matone hutoka kwenye kisima au bwawa, na bwawa lililo chini ya mteremko usio na mitaro hujaa mchanga na tope. Nimeona wanafunzi wakija kwa basi kwenye mafunzo ya vitendo, wakapimishwa mwinamo wa shamba la mzee wa miaka 80, wakaondoka bila hata mmoja kumuuliza kwa nini mtaro wake wa tatu umepinda. Umepinda kwa sababu kuna mwamba, na nyanya yake aliujua mwamba huo kwa jembe.

Naomba idara zinazofundisha taaluma hii zianze mhula wa kwanza na zile picha za Barnes, pamoja na taarifa za mwaka za Wilaya ya Machakos zilizomo katika Nyaraka za Taifa, Nairobi. Nawaomba pia watu wa Kathiani, Mitaboni, Kaani na Iveti: mwenye picha ya mwethya wa mamake, daftari la mkufunzi wa kilimo, au kadi ya kahawa ya miaka ya 1950, asiichome na takataka wakati wa kuhama nyumba. Apeleke nakala maktaba ya Machakos, na nyuma yake aandike majina ya walioshika majembe.