Hati na Ardhi: Kaunti ya McIntosh, Georgia

Kaunti ya McIntosh iko kwenye pwani ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, pale Mto Altamaha unapogawanyika mikono na kuingia Bahari ya Atlantiki. Wakazi wake ni kama 11,000. Makao makuu yake, Darien, ni mji mdogo wa wavuvi wa kamba, na wasafiri wengi huupita bila kusimama. Ila kwa sehemu ndogo kama hii, hati zilizoandikwa juu yake ni nyingi ajabu, na karibu zote zinagombea jambo lile lile: ardhi hii ni ya nani, na ilimwe kwa jasho la nani.

Waguale waliishi hapa kabla ya Mzungu yeyote. Wahispania waliwafuata na misheni zao, kisha mwaka 1721 Waingereza wakajenga ngome ya mbao, Fort King George, ambako maradhi yaliua askari wengi hadi ngome ikaachwa baada ya miaka michache. Mapema mwaka 1736 James Oglethorpe, mwanzilishi wa koloni la Georgia, aliwaleta Waskoti wa milimani kwa sababu walijulikana kwa kupigana. Hao ndio waliouanzisha mji wa Darien.

Wakati huo utumwa ulikuwa marufuku Georgia. Walowezi wa Savannah walipoanza kudai marufuku iondolewe, wanaume 18 wa Darien walitia sahihi barua ya kupinga, Januari 1739. Sababu zao nyingi zilikuwa za hesabu na usalama: Wahispania wa Florida walikuwa jirani, nao walimwahidi uhuru mtumwa yeyote atakayewakimbilia. Lakini barua iliongeza kwamba kumtia binadamu utumwani maisha yake yote na kizazi chake ni jambo la kutisha, na kwamba siku moja litalipwa kwa damu. Waandishi wengi wa Georgia huishangilia barua hii, nami naielewa furaha yao, ila tusiitie chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1750 marufuku ilikuwa imekwisha, na baadhi ya watoto wa Waskoti hao hao wakawa mabwana wa watumwa. Kaunti ilipoundwa mwaka 1793 kwa kumegwa kutoka Kaunti ya Liberty, ilipewa jina la mmoja wa koo zao, McIntosh.

Mali ya hapa ilikuwa mpunga, na mpunga ulitegemea maji kujaa na kupwa. Bahari inapojaa husukuma maji baridi ya mto yarudi nyuma na kupanda juu. Watumwa walichimba mifereji na kujenga matuta kuzunguka vinamasi vya delta, wakaweka milango ya mbao kwenye matuta hayo. Maji yakijaa mlango hufunguliwa, maji baridi hufurika shambani. Maji yakipwa, hufunguliwa upande wa pili na shamba hukauka. Mlango ukifunguliwa kwa saa mbaya, chumvi huingia na mpunga wote hufa. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walitoka Afrika Magharibi, ambako kilimo cha mpunga wa majini kilikuwa cha kale, na wenye mashamba walilijua hilo walipochagua nani wa kununua.

Shamba lililojulikana zaidi lilikuwa la kisiwa cha Butler. Mwigizaji wa Kiingereza Fanny Kemble, aliyeolewa na Pierce Butler, alikaa huko na katika shamba lao la pili, St. Simons, majira ya baridi ya 1838 na 1839, akaandika aliyoyaona. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863, muda mrefu baada ya ndoa kuvunjika. Naye Butler alizama katika madeni. Machi 1859 watu 436 wa mashamba yake walipelekwa kwenye uwanja wa mbio za farasi nje ya Savannah na kuuzwa kwa siku mbili, mvua ikinyesha. Mnada ule mpaka leo unaitwa Wakati wa Kulia. Bomba la moshi la matofali la kinu cha mpunga bado limesimama kando ya Barabara Kuu ya 17.

Ng'ambo ya vinamasi ni kisiwa cha Sapelo, na hapo msomaji wa pwani yetu atajikuta karibu na nyumbani kuliko alivyotarajia. Mwanzoni mwa karne ya 19 sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa ya Thomas Spalding, aliyejenga kwa tabi: makombe ya chaza yaliyochomwa yakawa chokaa, yakachanganywa na mchanga, maji na makombe mazima. Msimamizi wake mkuu wa watumwa alikuwa Bilali Muhammad, mzaliwa wa Futa Jallon katika Guinea ya leo, aliyepitia Bahamas kabla ya kufikishwa Georgia. Mwaka 1940 kilichapishwa kitabu cha mahojiano na wazee wa pwani hiyo, na ndani yake mmoja wa vizazi vya Bilali, Katie Brown, alieleza jinsi Bilali na mkewe Phoebe walivyosali alfajiri juu ya mkeka mdogo, wakigeukia mawio ya jua, tasbihi mkononi. Alikumbuka pia vikeki vya mchele ambavyo bibi yake aligawa kwa watoto siku maalumu. Viliitwa saraka.

Bilali aliacha daftari la kurasa 13 lililoandikwa kwa hati za Kiarabu. Kabla ya kufa alimpa mwandishi Francis Goulding. Kwa miongo mingi Wamarekani waliamini ni shajara ya shamba, orodha ya kazi za kutwa labda. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanaisimu Joseph Greenberg alipeleka nakala kwa maulamaa wa Kano, na ikabainika kwamba sehemu zake zimetoka katika Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fiqhi ya Kimaliki: udhu, adhana, sala. Daftari limejaa makosa ya imla, kama utakavyotarajia kwa mtu aliyetekwa angali kijana na kuandika kwa kumbukumbu. Daftari lenyewe sasa limehifadhiwa Chuo Kikuu cha Georgia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilifika Darien tarehe 11 Juni 1863, pale vikosi vya askari weusi wa Kaskazini vilipoamriwa na Kanali James Montgomery kuuchoma mji. Kanali Robert Gould Shaw, aliyeongoza kimojawapo, alilalamika kwamba hilo lilikuwa jambo la aibu. Januari 1865 Jenerali Sherman alitoa Amri Namba 15, iliyotenga visiwa na ukanda wa pwani kwa walioachwa huru, ekari 40 kwa familia. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameanza kuwarudishia mabwana mashamba yao.

Aliyekataa kunyamaza ni Tunis Campbell, mtu mweusi aliyezaliwa huru New Jersey mwaka 1812. Alipotolewa kwenye visiwa hivyo, alikokuwa pamoja na walioachwa huru, alihamia bara, McIntosh, akapata shamba la Belle Ville na kuwakusanya wakulima wenzake humo. Mwaka 1868 alichaguliwa seneta wa jimbo. Akiwa hakimu wa amani wa Darien aliwahukumu wazungu kama alivyowahukumu weusi, na hilo hawakumsamehe: mwaka 1876, akiwa na miaka zaidi ya 60, alifungwa na kukodishwa kama mfungwa wa kazi ngumu. Hata hivyo kaunti iliendelea kuchagua wabunge weusi. W. H. Rogers wa McIntosh, aliyejiuzulu mwaka 1907, alikuwa wa mwisho katika bunge la Georgia kabla ya milango kufungwa kwa zaidi ya nusu karne.

Mbao zilishika nafasi ya mpunga. Magogo ya msonobari yalifungwa pamoja, yakaelea kwenye Altamaha hadi Darien na kupakiwa kwenye meli za Ulaya, mpaka misitu ikaisha.

Kaskazini mwa kaunti, Harris Neck, familia za watu weusi zilikuwa zimemiliki ardhi tangu enzi za Campbell. Mwaka 1942 serikali ya shirikisho iliwaondoa, wakiwa na muda mfupi wa kuvuna na kubomoa, ili ijengwe uwanja wa ndege za kivita. Vita viliisha, ardhi ikapewa kaunti. Kaunti iliichezea. Mwaka 1962 ikawa hifadhi ya ndege wa porini. Wenyewe bado wanaidai.

Kutoka Harris Neck hiyo hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwanaisimu Lorenzo Dow Turner alirekodi wimbo wa Amelia Dawley, ambaye hakujua maana ya maneno aliyoyaimba. Yalikuwa ya Kimende, lugha ya Sierra Leone. Miongo kadhaa baadaye watafiti waliuzungusha wimbo huo Sierra Leone hadi wakafika kijiji cha Senehun Ngola, ambako Bendu Jabati aliuimba pamoja nao: kwao ulikuwa wimbo wa mazishi. Mwaka 1997 Mary Moran, binti wa Amelia, alipelekwa huko akaonana naye.

Huko Sapelo, tajiri wa tumbaku R. J. Reynolds Jr. alikuwa amenunua sehemu kubwa ya kisiwa mwaka 1934, kisha akawahamisha watu weusi kutoka vijiji vyao na kuwakusanya Hog Hammock. Leo waliobaki humo ni makumi tu, na wapo wa uzao wa Bilali. Karibu kisiwa chote kilichobaki ni mali ya jimbo. Kufika huko ni kwa boti, na tarehe 19 Oktoba 2024, siku ya sherehe yao ya utamaduni, daraja la gatini lilivunjika na kuua watu saba.

Mwaka uliotangulia, Septemba 2023, makamishna wa kaunti walikuwa wamepiga kura 3 kwa 2 kuruhusu nyumba za hadi futi za mraba 3,000 Hog Hammock, badala ya 1,400 za awali. Wakazi waliogopa matajiri wenye nyumba za mapumziko, na kodi ya ardhi itakayowafuata. Safari hii wao ndio waliochukua kalamu. Walizunguka kaunti nzima wakikusanya sahihi za kudai kura ya maoni. Kura za mapema zilikuwa zimeshaanza kupigwa mwaka 2024 jaji alipoisimamisha, wakakata rufaa, na Septemba 2025 Mahakama ya Juu ya Georgia ikaamua kwamba wananchi walikuwa na haki ya kuipiga.